Mlango Uliotazama Ndani

Nchi ninayoisimulia si yenu. Nimeuliza mara mbili, nikahakikishiwa na watu wa kuaminika kwamba si yenu, na kwamba mkiona humu jambo mnalolifahamu, basi mmelifahamu kimakosa. Nchi hiyo inaitwa Subira. Wimbo wake wa taifa una beti kumi na nne na huimbwa watu wakiwa wamekaa, maana zamani waliposimama walikuwa wakianguka.

Huko Subira kuna mji wa mawe, na katika mtaa wa Kisimani palikuwa na nyumba ya Bi Shemsa binti Makame, mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa katika chumba cha juu, mama yake akafia chumba hichohicho, na yeye mwenyewe alikuwa na nia ya kufuata utaratibu huo, kwani hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ilikuwa na miaka mia mbili na ushee. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba mtu aliweza kulala ndani ya dirisha. Tangu masika yaliyopita, dari ya ukumbi ilikuwa imeanza kushuka, kidogo kidogo na kwa adabu, kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

Asubuhi moja akaletewa barua na Wizara ya Urithi, Kumbukumbu na Maegesho. Msishangae hayo maegesho. Kila jengo la kale lililoanguka huko Subira liligeuzwa uwanja wa kuegesha magari ya wizara, kwa hiyo ikaonekana busara kazi zote zifanywe na watu walewale. Barua ilisema kwamba nyumba ya Bi Shemsa ni urithi usio na mfano duniani, na kwamba isipotengenezwa ndani ya miezi tisa itabomolewa, ili urithi huo usizidi kuharibika.

Bi Shemsa aliisoma mara tatu, kisha akaikunja.

"Miezi tisa," akamwambia Bi Mize, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Uzee huu, shoga, wamenipa mimba."

*

Akaenda wizarani kuomba kibali. Akapokewa na Bwana Khelef, Mkaguzi Mkuu Msaidizi wa Nyufa, kijana aliyevaa tai mbili, moja ya cheo chake na ya pili ya cheo alichokuwa akikitarajia. Kaptura yake ya kwanza ya shule ilishonwa na Bi Shemsa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kibali nitengeneze nyumba."

"Vibali vipo, bibi. Hutolewa kwa nyumba zilizo salama. Yako ni salama?"

"Ingekuwa salama ningekuja kwako?"

"Basi hapo pana ugumu. Serikali haiwezi kuruhusu watu wafanye kazi ndani ya nyumba ya hatari."

"Nikiitengeneza bila kibali?"

"Ni kosa."

"Nisipoitengeneza?"

"Ni kosa pia. Ila hilo fomu yake tunayo."

Bwana Khelef akafungua kitabu kikubwa na kumsomea masharti ya vifaa. Boriti, mawe na milango vyote sharti viwe vipya kabisa, na kila kimoja kiwe na umri usiopungua miaka mia. Bi Shemsa akauliza vinauzwa wapi. Akajibiwa kwamba wizara haifanyi biashara. Kisha akasomewa kifungu cha tisa cha Sheria ya Urithi, ambacho watoto wa Subira hukariri shuleni: nyumba ya kale iliyo mbovu ni wajibu wa mwenyewe, na nyumba ya kale iliyo nzima ni fahari ya taifa. Akakisikia, lakini hakukisikiliza. Alikuwa amechoka.

Alipoinuka, Bwana Khelef akachungulia mlangoni, halafu akanong'ona. "Bibi, wewe anza tu. Wakubwa hawaangalii mpaka kazi iishe."

Bi Shemsa akashukuru. Siku ile aliyachukua maneno hayo kuwa huruma.

Nje ya wizara kulikuwa na mtaro wa maji machafu, na maofisa waliuvuka kwa mbao mbili nene zilizolazwa pamoja. Bi Shemsa alikuwa anavuka na hasira zake, macho chini, alipoona pembeni mwa ubao mmoja, mahali matope yalipobanduka, jani la nakshi. Akapiga magoti palepale, akapitisha mkono chini ya ubao. Vidole vyake vikakuta maua, minyororo, mistari ya maandiko. Ulikuwa mlango wa Mahakama ya Kale, iliyobomolewa mwaka juzi kupisha magari, na mbao zake zote mbili zilikuwa zimelazwa kifudifudi, uso kwenye uchafu. Wizara ya Urithi ilikuwa inaukanyaga kila asubuhi ikienda kuulinda urithi.

Hapo ndipo hasira ya Bi Shemsa ilipopata makazi. Kabla ya hapo alikuwa anaudhika tu, kama watu wote.

"Mnautaka huu mlango?" akamuuliza mlinzi.

"Mlango gani? Hilo daraja? Lete mbao nyingine za kuvukia, uchukue."

Akaenda nyumbani, akaitoa meza yake ya kukatia nguo, ile aliyokatia sare za watoto wa mji mzima kwa miaka thelathini, akaing'oa miguu na kuileta. Mlinzi akaikanyaga kuijaribu, akaridhika.

*

Fundi Vuai alikuwa na miaka sabini na minane. Mikono yake ilikuwa bado kazini ingawa magoti yalikwisha kustaafu, kwa hiyo alifanya kazi akiwa ameketi kwenye kiti cha ukindu, akielekeza kwa fimbo. Katika mji mzima ndiye aliyebaki akijua chokaa.

"Dada Shemsa, wamekwambia utumie saruji?"

"Wameniandikia, fundi."

"Ukuta huu unapumua. Kuutia saruji ni kumvisha mtoto nailoni wakati wa joto. Utatokwa na jasho, kisha utaumwa, kisha utakufa, na watasema umekufa kwa uzee." Akatema mate pembeni. "Chimba shimo uani."

Bi Shemsa akachimba. Chokaa ikazimwa kwa maji, ikachemka yenyewe na kufuka, ikaachwa miezi minne shimoni ikikorogwa kila alfajiri mpaka ikawa laini kama samli. Boriti walizifuata jaani, kwa mkokoteni wa punda wa Bi Mize, kwani mifupa yote ya Mahakama ya Kale ilikuwa imetupwa huko. Bi Shemsa alichagua boriti kama anavyochagua mitumba sokoni. Aliibonyeza, akainusa, akaigonga, akaipima kwa utepe wake wa kushonea. Iliyooza ncha aliikata ncha. Iliyopungua aliiunga kwa nyingine. Watu wakamcheka kwamba anaitia nyumba viraka, naye akasema hajaona vazi lililokufa kwa kiraka, ameona mengi yaliyokufa kwa kukosa.

Chokaa ikamla mikono. Vidole vikapasuka, hata sindano ikawa haishikiki, na sare za mwaka ule zikashonwa na mwingine. Alijua anachokipoteza. Kila jioni alipanda ngazi, akaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha mama yake, na ukuta ulikuwa mkavu.

*

Mwezi wa nane wakafika kwenye dari. Asiyejua aelezwe. Dari ya mji ule, ambayo ndiyo paa lenyewe, huwekwa boriti, juu yake mawe, juu yake tabaka nene la chokaa na kokoto, na chokaa hiyo lazima ipigwe. Hupigwa kwa fimbo nyembamba, na wanawake wa mtaa, siku tatu mfululizo kutwa nzima, mpaka maji yote yatoke na chokaa ishikane iwe kitu kimoja. Mkono mmoja hautoshi wala mikono kumi haitoshi. Na hupigwa kwa wimbo, kwa sababu bila wimbo fimbo hazishuki pamoja.

Walikuja wanawake arobaini bila kuitwa mara mbili. Bi Mize akashika uongozi, na kwa kuwa wimbo wa dari ni lazima umtanie mtu, wakamtania Fundi Vuai aliyekaa pale kwenye kiti chake akiwaamrisha:

*Tupige dari ishike, maji yasipate njia;*
*Nawe uliye kitini, ya kwako twaangalia.*

Fundi Vuai akacheka mpaka akakohoa. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na Bi Shemsa akapika wali wa nazi wa mtaa mzima kwa furaha aliyoisahau tangu ujana wake.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, kikaja Kikosi cha Kutuliza Utulivu, magari matatu. Afande akapanda ngazi na kipaza sauti, ingawa wanawake walikuwa hatua nne mbele yake, akasoma: "Mkusanyiko wa wanawake arobaini, wote wakiwa na fimbo, juu ya paa, kwa mdundo mmoja, bila Kibali cha Mdundo. Shukeni mara moja."

"Afande," akasema Fundi Vuai, "kibali kinachukua muda gani?"

"Siku ishirini na moja za kazi."

"Chokaa haingoji, mwanangu. Ikikauka kabla haijapigwa, imekauka. Kwa chini itaonekana nzuri, kwa juu itaonekana jiwe, na katikati itakuwa chekecheke. Tupe leo na kesho tu."

"Iambieni isubiri. Hii ni Subira."

Wanawake wakashuka mmoja mmoja, na fimbo zikahesabiwa na kupakiwa garini kama ushahidi. Bi Shemsa alibaki juu ya dari peke yake akiitazama chokaa ikipauka kwenye jua. Akapiga magoti akaipiga kwa mwiko wa sufuria mpaka afande akaja kumnyang'anya na mwiko ule. Hakulia. Alimtazama afande yule usoni kwa muda mrefu sana, naye akatazama pembeni.

*

Mwisho wa miezi tisa Bwana Khelef akaja kukagua. Akapima kuta, akapima madirisha, akatafuta ufa saa mbili nzima asiuone. Akasimama mbele ya mlango wa nakshi, uliosuguliwa kwa ndimu na mafuta ya nazi hadi maua yake yakahesabika, akaushika.

"Bibi," akasema polepole, "umeitengeneza sana."

"Si ndivyo mlivyotaka?"

Bwana Khelef akaandika kwenye karatasi maneno mawili, Nyumba Nzima, na baada ya wiki moja Waziri mwenyewe akaja Kisimani na hema, viti na bendi. Kifungu cha tisa kilikuwa kimeamka.

"Ndugu wananchi," akasema Mheshimiwa Waziri, "nyumba hii ilikuwa mbovu, na serikali ikamwachia mwenyewe kwa sababu inaheshimu mali ya mtu. Sasa nyumba ni nzima. Je, tumwachie mama huyu mzigo mkubwa namna hii, peke yake, katika umri wake? Serikali isiyo na huruma ingemwachia. Sisi hatuwezi."

Watu wakapiga makofi, maana waliopangiwa kupiga makofi walikuwa wamekaa mbele. Nyumba ikatangazwa kuwa Nyumba ya Mapumziko ya Kihistoria ya Waheshimiwa. Mlango ukatambuliwa kuwa hazina ya taifa iliyookolewa na wizara kutoka mahali ambapo, kwa sababu za usalama, hapakutajwa. Bi Shemsa akapewa siku tatu za kuhama na Nishani ya Kujitolea, daraja la tatu. Waziri alipokuwa anaibandika, pini ikapita kwenye kanga na kumchoma, na yeye akasema, karibu na kipaza sauti:

"Mheshimiwa, dari haijaiva. Haikupigwa ikaisha. Masika yakija itaanguka."

Waziri akageukia umma, macho yamemlowa. "Mnamwona huyu mama? Hata leo hajifikirii yeye. Anaifikiria nyumba. Mpigieni makofi."

Akapigiwa.

Akaandika pia barua, kwani alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na mtu kama huyo Subira humla polepole. Akajibiwa baada ya mwezi. Onyo lake limepokewa kwa shukrani, ila malalamiko ya dari hupokewa kutoka kwa mwenye nyumba peke yake, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba yeye si mwenye nyumba.

*

Alihamia jikoni kwa Bi Mize. Kila siku alipita mbele ya nyumba yake akienda sokoni, na kila siku askari wa getini alimwambia asisimame hapo. Kwa miezi miwili hakuzungumza na mtu juu ya jambo hilo. Hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, ambao ukinywa maji hauendi na ukila ndizi hauendi.

Masika yakaja. Ijumaa moja mchana Waziri alikuwa anawakaribisha wageni kutoka nchi za mbali, akiwaeleza juu ya ukongwe wa dari ile na siri za mafundi wa kale, siri ambazo wizara inazilinda. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya nne. Kwanza likaanguka tone moja katika sinia la pilau, likapuuzwa kwa heshima. Likaanguka la pili. Kisha dari yote ya ukumbi ikashuka, chokaa, kokoto, mawe na maji.

Hakufa mtu, na huko Subira jambo hilo linatajwa hadi leo kuwa mafanikio ya wizara. Meza za karamu zilikuwa imara na waheshimiwa wana wepesi wa kuingia chini ya vitu. Waziri alitoka barabarani mweupe tangu utosi hadi viatu, na mtaa mzima ukamtazama. Bi Shemsa alikuwepo. Kama mlitaka kusikia kwamba alifurahi, hapana. Boriti zile alizibeba begani moja moja, na alizisikia zikivunjika.

Tume ya watu kumi na mmoja ikaundwa, ikasafiri nchi tano kutazama dari. Taarifa yake ilikuwa na kurasa mia nne na uamuzi mmoja: kosa ni la wanawake wa Kisimani, walioacha kupiga dari bila Kibali cha Kuacha.

Kisha ikaja barua nyingine. Kwa kuwa nyumba sasa ni mbovu, kifungu cha tisa kinairudisha kwa mwenyewe. Anapewa miezi tisa.

*

Safari hii Bi Shemsa hakwenda wizarani. Alikaa juu ya kifusi cha ukumbi wake siku nzima, na Fundi Vuai kwenye kiti chake, na Bi Mize.

"Tukiiacha wanaibomoa," akasema Bi Mize. "Tukiitengeneza wanaichukua. Sasa?"

"Nguo," akasema Bi Shemsa, "ina nje na ndani."

Wakaanza upya, mawe yaleyale, boriti zilezile zilizopona. Ndani walipaka chokaa nyeupe, wakanyoosha kila kona. Mbele, upande wa barabara, hawakugusa. Bi Shemsa aliongeza ubovu. Alichora nyufa kwa masizi, akaacha mtini uote juu ya dirisha, akaegemeza magogo mawili ukutani kana kwamba yanauzuia usianguke. Palipokuwa pa mlango akapigilia mabati yenye kutu, akiacha bati moja la kufungukia. Na mlango wa nakshi, ambao ulitoka kwenye kifusi umejaa vumbi la chokaa lakini mzima, akautundika nyuma ya mabati, uso umeelekea ndani.

Dari wakaipiga. Sheria ilikuwa inakataza zaidi ya wanawake watano, kwa hiyo walipanda wanne wanne, wakishuka hawa wakipanda wale, siku tatu usiku na mchana bila kukatika. Wimbo haukuimbwa. Bi Mize aliuongoza kwa midomo tu, na fimbo zikafuata midomo yake. Ilikuwa dari ya kwanza katika mji ule kupigwa kimya, na Fundi Vuai, aliyekuwa amekaa chini akiisikiliza, alifunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyemtania.

Miezi tisa ilipotimia Bwana Khelef akaja, tai sasa zikiwa tatu. Akatazama mabati, akatazama nyufa, akapitisha kidole kwenye ufa mmoja. Kidole kikatoka na masizi. Akabisha hodi. Bi Shemsa akamfungulia, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Bwana Khelef akaingia, akageuka, akauona mlango.

Alisimama hapo mpaka chai aliyowekewa ikapoa. Kisha akatoa karatasi, akaiegemeza kwenye maua ya nakshi, akaandika: Gofu. Linaanguka lenyewe. Halifai kubomolewa wala kuchukuliwa.

"Bibi," akasema bila kumtazama, "nyumba ya mama yangu kule Mtambani nayo dari imeshuka. Fundi Vuai bado ana chokaa?"

Bi Shemsa alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumkumbusha yale maneno mawili aliyoandika mwanzo, na zile siku tatu, na mikono yake isiyoshika sindano tena.

"Shimo limejaa," akasema. "Mwambie mama aje na ndoo."

Ndoo zikawa nyingi. Baada ya miaka miwili mji wote wa mawe ulionekana umekufa, na Waziri, ambaye alikuwa amepandishwa cheo, akaja na wageni kuuomboleza. Akasimama Kisimani mbele ya mabati, akatoa leso.

"Wazee wetu walijenga," akawaambia wananchi. "Ninyi hata kutunza mmeshindwa. Hamna uchungu na cha kwenu."

Bi Shemsa alikuwa nyuma ya mlango, hatua moja kutoka kwake, mkono umelala juu ya maua ambayo hakuna mpita njia angeyaona tena. Alitamani kuyapiga teke mabati yale yaanguke, mji uone, wageni waone, mtu yule aone. Akangoja makofi yaishe. Akateremsha komeo, akarudi kutazama wali.